Mguu wa Baba Haukuwa na Kosa

Chumba cha zana, gerejini,
Jumapili, 16 Februari.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Hujambo? Baridi ya huko bado inakung'ata masikio? Natumaini kile kikohozi kimekuacha, na kwamba unakula chakula cha maana, si chai na mkate kila siku. Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia. Jua tu ndilo halina adabu: ukisahau spana nje kidogo, huishiki bila kitambaa.

Ningependa niendelee na salamu mpaka karatasi iishe, maana ninalotaka kukuambia linanitia aibu. Lakini safari hii sifuniki kombe.

Unaikumbuka ile kompyuta ya injini uliyomtumia Baba, baada ya ile ya asili ya gari lake kuungua? Si kama ya kiwandani. Haijui kitu mpaka fundi aifundishe kwa laptopu: mafuta kiasi gani injini ikiwa baridi, kiasi gani ikiwa moto. Niliifundisha mwenyewe, asubuhi, kivulini, kabla wateja hawajaja. Gari likatulia tuli. Nikajipiga kifua, na wewe nikakupigia simu kujisifu.

Joto lilipoanza, Baba akaja kulalamika kwamba gari linamzimikia njia panda. Nikalichukua kulijaribu, asubuhi tena, maana mchana nina kazi za watu. Halikuzima. Nikarudia siku nyingine, asubuhi vilevile. Basi nikapiga hesabu yangu ya kijinga: kwangu halizimi, kwake linazima, kwa hiyo ugonjwa ni mguu wa Baba kwenye klachi.

Ya harusi ya binti wa Shangazi ulisimuliwa, ila hukusimuliwa yote. Gari lilizima getini, bibi harusi yumo ndani, wakwe wamejipanga, jua la saa saba. Baba akawasha, likazima. Akawasha tena, likazima. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikaona wanaicheka kazi yangu. Nikapenya, nikaingiza mkono dirishani, nikachomoa ufunguo, nikasema kwa sauti, "Shuka Baba, mguu umezeeka." Akashuka. Alikuwa amevaa ile suti yake ya kijivu.

Halafu nikakuomba umpigie umshauri apumzike, nawe ukampigia. Kwa hiyo na wewe nimekutia kwenye kosa langu. Nisamehe, mdogo wangu.

Unajua kinachoniuma kuliko vyote? Hakubisha. Aliniamini! Viatu vyake vya kuendeshea akampa mlinzi wa jirani, na kila aliyemuuliza mbona siku hizi anatembea, alimjibu, tena kwa fahari, "Binti yangu amenipima kwa kompyuta. Yule si mchezo."

Jumanne nikampeleka Mama kliniki mimi mwenyewe. Tulipotoka ilikuwa mchana, na gari lilikuwa limeanikwa juani muda wote. Kwenye taa za barabarani likakohoa, likazima. Nikawasha, likazima tena. Honi nyuma yangu, matusi, jasho. Mama, mkoba wake mapajani, akauangalia mguu wangu, akauliza taratibu, "Na wako umezeeka lini?" Ee Mungu wangu! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe kosa ni langu. Ile sensa, kidude kinachoiambia kompyuta joto la hewa inayoingia kwenye injini, niliifunga juu ya chuma cha injini, kwa sababu waya ulifika pale bila kuungwa. Uvivu tu, hakuna jina jingine. Gari likisimama juani, sensa inapima joto la chuma, si la hewa. Kompyuta inadhani hewa ni ya moto kupita kiasi, inapunguza mafuta, injini inakufa njaa. Nimeihamishia kwenye bomba la hewa karibu na filta, nikarekebisha hesabu za joto, kisha nikakaa ndani ya gari saa sita mchana nikiliwasha na kulizima mpaka nguo zikaloa. Halikukohoa tena. Wala sikufurahi.

Nikamwendea Baba uani, nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Akaunyoosha mguu wa kushoto, akauangalia. "Kwa hiyo hauna kitu?" Hauna kitu, Baba, nikamwambia, nikampa ufunguo. Akaketi kwenye usukani, lakini hakuwasha. Akanigeukia: "Fundi, niwashe?"

Yeye, aliyenifundisha kuendesha! Tangu utotoni ananiita Spana, hajawahi kuniita fundi. Nikaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo sina raha. Nilimwaibisha mbele ya watu, nikamwomba radhi uani, walionisikia ni kuku. Hapana. Jumamosi tunakutana wote kwa Shangazi, na wale wakwe watakuwepo. Nitasimama palepale getini niseme mguu wa Baba haukuwa na kosa, kosa ni la fundi. Waliocheka na wacheke tena, ila wajue wanamcheka nani. Naogopa, nisikudanganye.

Wewe mpigie kabla ya siku hiyo. Usianze na kuomba radhi, utamtia haya. Muulize barabara siku hizi zikoje. Zamani angekujibu saa nzima.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama sweta lilikutosha. Shangazi naye anakusalimu, anasema pichani umenenepa, na kwake hiyo ni sifa. Mungu akutangulie uendako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, mwenye aibu tele na mapenzi yaleyale,

Spana

N.B. Mlinzi alivirudisha viatu, Baba akavikataa, anasema cha kupewa hakipokonywi. Ukipata mgeni anayekuja huku, mpe viatu alete, namba arobaini na mbili. Jana nilimuuliza Baba anataka vya namna gani. Alifikiri kidogo, akasema soli iwe nyembamba, mguu wa kushoto uisikie klachi.