Ujumbe Uliokataliwa Butembo

Ijumaa, jioni. Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Upande wa volkano haonekani mtu wala mlima, ni weupe mtupu. Naandika nikiwa bado nimevaa viatu, kwa sababu kila nikikaa miguu inataka kusimama.

Nimepika chai nikaisahau. Nimefungua kompyuta kuangalia kama seva ya ofisi iko hai. Iko hai. Nikaifunga. Nikaifungua tena.

Wacha niandike, labda nitatulia.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Mwamini, na natunza kompyuta za shirika dogo linalotafuta watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia. Tuna ofisi mbili, moja hapa Goma, nyingine Butembo. Habari za watoto hutufikia kwa barua pepe kutoka ofisi nyingine kama yetu, hata za ng'ambo ya mpaka. Hazipiti kwenye simu wala WhatsApp. Waliwahi kuja watu kudai watoto wasio wao, na tangu hapo kanuni ni moja: habari ya mtoto inapita kwenye barua ya ofisi tu.

Mpaka wiki hii barua zote za kutoka nje zilikuwa zinaingia kwenye seva moja, ile ya Goma, iliyo kwenye chumba cha nyuma, betri zake chini ya meza. Umeme ukikatika na betri zikiisha, seva inazimika. Mkurugenzi wetu hakupenda. Akaniambia nifanye namna, Goma ikizimika Butembo ipokee.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Jina la shirika kwenye mtandao lina rekodi zake, na moja inauambia ulimwengu mzima: barua za hawa zipelekeni kwenye seva fulani. Ukiwa na seva mbili unaandika rekodi mbili, kila moja na namba yake. Yenye namba ndogo inajaribiwa kwanza. Isipojibu, barua inakwenda kwa yenye namba kubwa. Goma nikaipa namba ndogo, Butembo kubwa. Juzi nikahakikisha rekodi zote mbili zinaonekana, nikarudi nyumbani najisikia mtu.

Kweli nilijisikia mtu.

Jana alasiri umeme ulikatika. Betri hazikuwa na kitu, maana jua limetunyima wiki nzima. Goma ikazimika na barua zikaenda Butembo, kama nilivyotaka. Lakini seva ya Butembo, iliyowekwa kwa barua za ndani za ofisi ile, ilikuwa inajua anwani za wafanyakazi wa Butembo peke yao. Kila barua ya Goma iliyofika kule iliambiwa: huyu hatumjui. Ikarudishwa ilikotoka, na umeme uliporudi usiku Goma haikujua lolote.

Aliyenipigia asubuhi ni Papa Kambale, fundi mwenzangu wa Butembo, mtu mzima anayeongea polepole hata kama nyumba inaungua.

"Mwamini, kuko barua zenye zilifika huku jana, mashini ikazikatala. Nikusomee zilitoka wapi?"

Akasoma. Nyingi zilikuwa za kawaida tu. Moja ilitoka kwa wenzetu wa Uganda, wanaofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi, na ilikuwa inakwenda kwenye anwani yetu ya watoto. Ilisema nini? Hatukujua. Seva iliyokataa barua haibaki na maneno yake, inabaki na anwani ya mtumaji na ya mpokeaji tu.

Ninachoshindwa kukimeza ni hiki. Kama nisingegusa kitu, barua ile ingesubiri. Seva isipojibu kabisa, mtumaji anaishikilia barua na kujaribu tena baadaye, na tena. Umeme ungerudi, barua ingeingia, na hakuna ambaye angejua kwamba ilichelewa. Mimi ndiye niliyeleta seva ya pili, na seva ya pili ndiyo iliyosema hapana.

Na nje ya mlango wangu, kwenye benchi, alikuwa ameketi Mama Sifa.

Mama Sifa huja kila asubuhi. Anatafuta mwanawe Baraka, aliyempotea barabarani upande wa Rumangabo siku watu walipokimbia kwa pamoja. Alikuwa amemshika mkono, akasukumwa, akaanguka, na aliposimama mkono ulikuwa mtupu. Ametueleza mara moja tu. Tangu hapo anauliza swali lile lile: "Kuko habari?" Nasi tunajibu: "Bado, mama." Kisha anakaa kidogo kwenye benchi, kama mtu anayepumzika kabla ya kupanda kilima.

Leo sikuweza kumwangalia usoni.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuifuta rekodi ya Butembo na kurudi kama zamani. Lakini nilipoiandika niliuambia ulimwengu uishikilie siku nzima kabla ya kuuliza upya. Hata nikiifuta, huko nje kungebaki wanaoikumbuka, na umeme ukikatika tena barua zingegonga Butembo tena na kukataliwa tena. Njia iliyobaki ilikuwa kuifundisha Butembo: izijue anwani zetu zote, na barua ya Goma ikifika iitunze mpaka Goma iamke, halafu iipitishe.

Nikampigia Papa Kambale. Rezo, mtandao wa simu, ikakata. Nikapiga tena. Nikamsomea anwani moja moja, yeye akizirudia kwa ile sauti yake isiyo na haraka, nami nikizunguka chumba na simu sikioni. Nilitamani kupiga kelele. Yeye akaniambia, "Pole pole, mutoto yangu. Tukikosea herufi moja, kesho tutalia tena." Alisema kweli, na hilo likaniudhi zaidi.

Alipomaliza nikafanya kitu nilichokiogopa: niliizima seva ya Goma kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha nikajiandikia barua kutoka kwenye anwani yangu ya nyumbani, nikasubiri.

"Imeingia," akasema Papa Kambale. "Iko huku, imelala."

Nikaiwasha Goma. Nikasimama mbele ya kioo cha kompyuta huku nimekunja mikono kwapani, kama mtu anayesikia baridi. Barua ikatoka Butembo ikafika, na maneno yangu ya kijinga ndani yake: "jaribu jaribu".

Nikatoka nje kuvuta hewa, na Mama Sifa akaniangalia.

"Mutoto yangu, leo uko nazunguka sawa kuku yenye inatafuta fasi ya kutaga. Kuko nini?"

Ningeweza kusema ni kazi tu. Nilikaa kando yake kwenye benchi nikamwambia yote: kuna barua ilitoka Uganda jana, inahusu mtoto, hatujui mtoto gani, na mashine yetu iliikataa kwa sababu ya kazi niliyoifanya mimi. Nilitegemea anikaripie. Nilitaka anikaripie.

Alipangusa matone ya mvua kwenye benchi kati yetu. Kisha akasema, "Basi kuko mutu mwenye aliandika."

Akavuta kitenge chake mabegani na kukaa vizuri, na nikaelewa kwamba leo hatatoka pale mpaka barua irudi.

Uganda walikuwa hawashiki simu. Nilipiga nikiwa nimesimama, nilipiga nikiwa dirishani, nilipiga adhana ya mchana ikilia upande wa mtaa wa Birere. Ilikuwa Ijumaa, na nilijua wakifunga leo, ni mpaka Jumatatu. Mwishowe akapokea dada anayeitwa Harriet, ndiye aliyeandika ile barua.

"Ilirudi," akaniambia. "Ikasema hakuna mtu kama huyo. Nikafikiri ofisi yenu imefungwa, na hali ya huko si tunaisikia? Nilikuwa karibu kuandika kwamba mtoto hana ndugu Goma. Wanaobaki bila ndugu wanahamishiwa kambi nyingine, mbali."

Nikaegemea meza. Nikamwomba atume tena, sasa hivi, tafadhali. Akasema anatuma.

Na umeme ukakatika.

Sisemi uongo. Taa ya seva ilipepesa, betri zikajaribu kidogo, kisha kimya. Nilibaki nimeishika ile meza kana kwamba ningeweza kuisukuma iwake. Barua ilikuwa njiani na Goma ilikuwa imekufa. Kila kitu kilikuwa mikononi mwa zile herufi tulizosomeana asubuhi.

Simu ikalia.

"Mwamini, ile ya Uganda iko huku," akasema Papa Kambale. "Haikukataliwa. Imelala, inawangojea."

Nikamwuliza, na naona haya kuiandika, kama anaweza kuifungua anisomee. "Naweza," akasema. "Lakini habari ya mutoto haipite kwa simu. Si ni wewe ulinifundisha ile kanuni? Tafuta courant ya kuwasha mashini, miye siendi fasi."

Jirani yetu ni fundi wa cherehani mwenye jenereta. Nilikimbia mvuani, nikamwomba. Hakuuliza mengi, alizima pasi yake akanipa nafasi. Tukavuta waya kupitia dirishani, Mama Sifa akiushika usiguse maji, kitenge chake kikilowa. Seva ikawaka. Nikakaa. Nikasimama. Mama Sifa alikuwa amesimama mlangoni, haingii, hatoki.

Barua ikaingia.

Msichana anayeitwa Riziki. Ametaja jina la babu yake, Hangi, na kwamba babu yake anatengeneza mitumbwi Kituku, kando ya ziwa.

Nilisoma mara mbili nikitafuta jina la Baraka, kama vile lingekuwa limejificha kwenye mstari mwingine. Sikujua niufanye nini uso wangu.

"Haiko ya miye," akasema Mama Sifa.

"Hapana, mama. Samahani."

Aligeuka akaangalia barabara, mawe meusi yanavyong'aa kwa maji. Sikumgusa. Sikujua kama nina ruhusa.

"Iko ya nani?"

Kanuni inakataza nimtajie. Nilimtajia. Huyo mzee naye hukaa kwenye benchi lile lile, siku ambazo kazi imemruhusu, na wameshagawana mihogo pale.

"Muzee Hangi? Ule wa mitumbwi?" Akashika mdomo. "Ni mutoto ya binti yake. Binti alikufa, ule mutoto ndiye alimubakilia. Umemupigia simu?"

Nilipiga hapo hapo. Haipatikani.

"Nitaenda kumwita."

"Mama, mvua hii..."

"Kama haiko ya miye, iko ya mutu," akasema. Akafunga kitenge upya kiunoni, akasimamisha pikipiki, akaenda.

Walirudi pamoja juu ya pikipiki moja, mzee katikati, mikono bado ina lami ya kuzibia mitumbwi. Nilimkalisha nikamsomea barua taratibu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza sikujua kama amesikia. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Anakula?"

Nikatafuta kwenye barua. Imeandikwa kwamba ana afya, anasoma, anapenda maharagwe. Nikamsomea hilo la maharagwe. Hapo ndipo alipolia, bila sauti, na Mama Sifa akamshika kichwa akakiegemeza begani mwake kama cha mtoto.

Nilimjibu Harriet: babu yupo, yuko hapa ofisini, msimhamishe Riziki. Akajibu kwamba amepata. Jibu lake lilipitia Goma au Butembo, leo hii sikuangalia.

Kwa nini basi siwezi kukaa? Riziki amepatikana. Rekodi ziko sawa, seva zote mbili zinapokea. Nadhani ni kwa sababu leo nimejua jinsi mtoto anavyoweza kupotea mara ya pili, na safari hiyo bila mtu kumsukuma barabarani, kwa mashine tu kujibu vibaya kwa adabu. Na ni kwa sababu ya mgongo wa Mama Sifa, alipogeuka kuangalia barabara.

Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni, maji yanamtiririka.

"Sasa ile mashini ya Butembo imejua kupokea?"

"Imejua, mama."

"Hata batu wa Goma?"

"Hata wa Goma. Wote."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekagua kazi ya fundi na kuridhika nayo.

"Basi Jumatatu nitakuja."

Jumatatu nitafika kabla yake. Nitalipangusa benchi maji, nitafungua mlango, na atakaponiuliza nitamjibu nikimwangalia usoni.