Wagonjwa wa Tate Onésime

Donatille, acha yote, soma. Nimejificha jikoni nikuandikie.

Tate Onésime ametoboa siri ya 1956 kwa meza. Padiri akiwa pale pale, na sahani yake ya sombe.

Ile mwaka bwana mukubwa wa Goma alimutuma kule Kalengera apige foto ya hospitali ya zamani yenye iliachwa. Kuta zilikuwa zimepasuka, majani yameota ndani ya chumba cha kupasulia wagonjwa. Alikuwa na plake sita za kamera, kila moja foto moja tu, na asirudi bila foto za kuta.

Sasa yeye alivaa blouse nyeupe kama ya daktari, sababu ya vumbi. Akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera. Kukitoa, anaona mulolongo wa watu. Mulolongo, Donatille. Walizani daktari amerudi na mashini ya kuangalia mapafu.

Akawaambia, "Mimi ni mutu wa foto tu."

Muzee wa kwanza akajibu, "Sawa, daktari," akafungua shati.

Akashindwa kuwafukuza. Plake sita zikaishia kwa vifua vya watu. Ukuta hata mumoja hakuna. Alivyorudi Goma, wakamufukuza kazi siku ile ile.

Tunacheka, tunamuhurumia, ndipo Koko Annonciata, muke wake, akaweka kikombe chini. Unajua Koko hasemi kitu mbele ya padiri.

"Tatu ni zangu. Nilirudi kwa mulolongo mara tatu."

Padiri akamuuliza alikuwa anaumwa nini.

"Hakuna."

Tate hata hakuinua macho kwa sahani. "Mara ya pili nilishamutambua. Ile ya tatu ndiyo plake nilikuwa nimebakisha kwa ajili ya kuta."