Bahasha ya Droo ya Chini

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila vidole vimejaa michomo ya sindano kama vya mama. Yeye hajambo, isipokuwa macho. Siku hizi hata sindano ya gunia anaitafuta kwa kupapasa.

Kaa kitako nikupe habari. Kile kifaa nilichokuwa nakihangaikia hapa kwenye tawi la chuo kimekubali! Ni kichwa kidogo cha chuma unachokipachika kwenye sindano ya cherehani. Ukibonyeza, uzi unapita wenyewe tunduni. Mama amejaribu mara kumi, mara tisa umepita. Ile ya kumi alikuwa anacheka.

Profesa amenisukuma niombe nafasi katika karakana ya wabunifu huko makao makuu, ofisini kwenu. Ni mwaka mzima na mashine za kuchongea, pamoja na watu wa kunifundisha kukigeuza kifaa kuwa biashara. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 20, na tarishi wa tawi ndiye atakayeleta bahasha. Sitaki upendeleo, dada. Nafurahi tu kwamba kwenye dirisha la kupokea maombi uko wewe, tuliyekuita Mama Rula, uliyekuwa ukiorodhesha hata nguo za kufua.

Mdogo wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kimepona, ahsante. Nafurahi kusikia mama anacheka.

Hongera. Fomu ijazwe kwa wino, nakala tatu, na kurasa zisibanwe kwa pini. Tafadhali usimtajie mtu wa huku kwamba sisi ni ndugu. Bado niko kwenye miezi ya majaribio, na barua ya kuthibitishwa kazini naitazamia mwishoni mwa Mei. Mkuu wangu wa kitengo anaona hata kinachoandikwa nyuma ya karatasi.

Nina swali dogo, si la kiofisi. Wazo la kifaa hicho ulilipata wapi?

Dada yako


14 Machi

Dada,

Shikamoo. Kumbe umeanza kunihoji kabla ya jopo! Wazo lilinijia tu, asubuhi moja maabara, nikitazama bawaba ya dirisha. Ndivyo nilivyoandika kwenye fomu. Profesa anasema hajawahi kuona kichwa kama changu. Nikamwambia amuulize dada yangu, ndiye aliyekuwa akikisuka.

Tarishi anaondoka kesho kutwa asubuhi. Niombee.

Mdogo wako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Huku si kwema sana.

Orodha ya watakaohojiwa imebandikwa leo. Majina ni ishirini na mawili, langu halimo. Nimeisoma mpaka mlinzi akaniuliza kama natafuta jina la mchumba. Chini wameandika kwamba walioombwa kusubiri watajulishwa, na huko pia simo. Ni kama sikuomba kabisa. Bahasha ilifika?

Mdogo wako


6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole sana.

Nimetazama katika rejista, na jina lako halimo. Huenda bahasha ilipotea njiani. Vitu hupotea. Utajaribu tena mwakani. Wewe bado mdogo, na una muda ambao wengine hatukuupata.

Msalimie mama.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Leo sikuamkii.

Nilimfuata tarishi nikamwambia amepoteza bahasha yangu. Mzee wa watu akakasirika: "Binti, miaka kumi na tisa sijapoteza hata kipande cha gazeti! Njoo uone." Akanifungulia kitabu chake cha kupelekea barua. Tarehe 16 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, na pembeni sahihi ya aliyepokea, ile yenye mkia mrefu kama wa panya. Nimeijua tangu ulipokuwa ukitia sahihi ripoti zangu za shule kwa niaba ya mama.

Profesa alitaka kumpigia mkuu wako papo hapo. Nikamwambia kosa ni langu, nilifunga bahasha nikasahau kuweka fomu ndani. Alinitazama kama mtu aliyefika nyumbani na kiatu kimoja. Nimesema hivyo kwa sababu ya barua yako ya Mei.

Sasa nijibu jambo moja tu. Nilikukosea nini?

Mimi


19 Aprili

Mdogo wangu,

Sina haki ya kuuliza hali yako, ila nauliza.

Bahasha ilifika. Ilikuwa kwenye droo yangu ya chini, chini ya vikombe vya chai, tangu siku ile. Niliifungua kama ninavyofungua zote, nikasoma ukurasa wa kwanza: "Wazo lilinijia maabara."

Ulikuwa na miaka mitano, mimi kumi na minne. Mama alikuwa akituita, "Njooni mniazime macho," na kila mara aliyemtungia uzi sindanoni nilikuwa mimi. Siku moja nikachukua waya mwembamba wa mwavuli uliovunjika, nikaukunja kwa koleo la jikoni, nikaupitisha kwenye tundu la sindano, na uzi ukaufuata. Ukapiga makofi. Kisha ukautia waya mdomoni ukajichoma, na mama akautupa chooni. Sikutengeneza mwingine. Baadaye nafasi ya masomo ya ufundi ikapatikana kwa mmoja wetu, nikakupisha, nikaenda kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Hakuna aliyenilazimisha. Ila kila muhula mimi ndiye ninayebandika picha za wabunifu chipukizi ukutani, nikizinyoosha pembe, na nikiwaza kwamba siku moja nitaubandika uso wako. Wivu ulinikaba, mdogo wangu. Sina jina jingine la kuuita.

Lakini kuna jambo moja. Juzi niliitoa bahasha ili niichane, nikaona mhuri wa mapokezi: 16 Machi, na sahihi yangu. Sikumbuki kuupiga. Mkono uliupiga wenyewe, kama unavyofanya kwa kila karatasi inayopita dirishani, na ndipo nikaificha.

Nilikaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa. Halafu nikaipeleka kwa mkuu. Aliigeuza mara mbili akasema, "Nimeona makarani wanaoficha barua. Anayeigonga mhuri kwanza ndipo aifiche, ni wewe peke yako." Sikujua kama nicheke. Akaendelea, "Iliwahi, basi imewahi. Atahojiwa tarehe 28. Wewe, kesho usikae dirishani."

Niko stoo ya majalada sasa, chini ya ngazi. Barua ya Mei haitakuja. Majaribio yanaanza upya. Profesa wako nimemwandikia ukweli wote, ili usibebe aibu yangu.

Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Asubuhi hii nilisikia mashine za karakana zikiwashwa juu yangu, na nikaumia. Nenda ukahojiwe vizuri.

Dada yako, kama bado


30 Aprili

Dada,

Nilikasirika zaidi niliposoma habari za ule waya. Nikasema, hata wazo sasa anataka kunipokonya. Nikaenda kwa mama nimuulize, nikiwa na hakika atakanusha. Akacheka mpaka akaangusha mkasi: "Ule waya uliotaka kukutoboa ulimi? Damu ilijaa kanga!" Nikasimama mbele ya kioo nikanyanyua ulimi. Kovu lipo, upande wa kushoto. Nimeishi nalo mdomoni miaka yote hii bila kujua ni la nini.

Jopo liliniuliza lilelile swali lako. Wazo ulilipata wapi? Nikawaeleza habari za mwavuli, na waya, na ulimi. Mama mmoja wa jopo akaniomba nimwonyeshe, nami nikautoa mbele ya watu saba wenye suti.

Nafasi nimepata.

Lakini wamenirudishia ukurasa wa tatu, penye mstari wa mbunifu mwenza. Kwa kuwa waya wa kwanza ulikuwa wako, wanataka sahihi yako kabla ya tarehe 5 Mei, la sivyo ombi linafungwa. Nimeuambatanisha hapa. Sijakusamehe bado, na huenda nikakununia mbele ya watu karakanani, kwa hiyo jiandae. Ila tia sahihi, ile ya mkia wa panya, uipeleke juu kwa mkono wako. Usiiweke kwenye droo hata dakika moja.

Shikamoo, dada.

Mdogo wako