Bido la Maziwa Ndani ya Mashua

Walikale, 10 Januari 1954

Mpenzi Mama Dancille,

Salamu nyingi kutoka ukingo wa mto Lowa. Mimi ni mzima, ila kikohozi kidogo cha mvua. Wewe je? Na Papa na Mama, na ng'ombe? Na huyo Dancille niliyemwacha tumboni mwako, amekwisha kutembea au bado anaburuta makalio?

Nina habari. Ile mashua ya kampani ya mchele iliyolala majanini miaka minne, nimepewa niifufue. Mbao sita za chini nimezibadilisha, nyufa nimeziziba kwa pamba na lami, na moteri imekohoa ikawaka. Bwana wa kampani amesema ikishuka mpaka kwenye maghala na kurudi bila kuzimika, kabla ya Pentekoste, mimi ndiye dereva wake, na dereva hupewa nyumba ya kukaa na familia. Isipofanya hivyo ataweka watu wa makasia, na mimi nitabaki katika kambi ya wapweke, wanaume wanane chumba kimoja, na ninyi mtabaki huko.

Kinachokosekana ni tanki la esanse, mafuta ya moteri. La zamani limeliwa na kutu, ukiligusa kidole kinapita. Mapipa ya hapa ni makubwa mno. Nimewaza bido lako, lile debe la kupelekea maziwa laiteri, wanakoyanunua. Najua ulipewa na baba yako siku ya ndoa, na najua ninachoomba. Fikiri, kisha unijibu.

Mume wako,
Papa Dancille

Nyabiondo, 31 Januari 1954

Papa Dancille,

Huku sote tuko wazima, maharage yametoa maua. Binti yako anatembea, tena anakimbia, tena anapiga kuku. Pole kwa kikohozi, kunywa asali.

Umeniomba bido kama mtu anayeomba chumvi! Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikamsomea mama yako barua, na hapo ndipo nilipokosea. Mama Nyiraneza alisimama pale pale: “Chombo ya maziwa, muitie esanse? Mbele ya ngombe zangu? Hapana!” Siku ya sita nikamkuta analiosha bido mwenyewe kwa majivu. Hata hakuniangalia. “Mutoto yangu iko peke yake kule,” akasema. “Ngombe itasamehe.”

Linakuja na kamio, lile lori la Jumanne. Maziwa nitayapeleka kwa vibuyu, wacheke wanaotaka kucheka. Lifunike vizuri, usitutie aibu. Chombo cha maziwa hakiachwi wazi.

Mke wako,
Mama Dancille

Walikale, 14 Aprili 1954

Mama Dancille mpenzi,

Natumaini ninyi mna afya. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Ndiyo maana nimekaa kimya.

Bido nililipenda tangu lilipofika. Nililiweka juu ya kijukwaa nyuma ya moteri, ili esanse ishuke yenyewe. Chini nikatandika ngozi ya ng'ombe lisisuguliwe, nikalikaza kwa mikanda miwili ya chuma. Upande wa chini nikalehemu robine ya kufungulia na kamrija ka shaba kwenda kwenye moteri. Kifuniko nikakibana kwa mpira, hata sisimizi asingepita, kama ulivyoniagiza.

Moteri inawaka vizuri. Tunaondoka. Kabla sijamaliza rozari moja, inazimika. Nafungua bido, esanse imejaa. Nafunga, inawaka tena. Rozari nyingine, inazimika! Nimeifungua moteri yote mara nne na sijaona kosa. Watu wa makasia wanakaa ukingoni wananipigia makofi. Jana nililia, sikufichi. Nilikwisha kuiona ile nyumba na wewe mlangoni.

Mume wako,
Papa Dancille

Nyabiondo, 9 Mei 1954

Papa Dancille,

Amani kwako. Sisi wazima, maharage yameingia ghalani. Barua yako ilinikalia kifuani wiki nzima. Mimi moteri sijapata hata kuigusa, kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka.

Leo Jumapili, baada ya misa, nilimpa baba yako, Papa Karangwa, kasiksi yake ya ndizi kwenye kibuyu, na mrija. Inzi walikuwa wengi, nikaziba mdomo wa kibuyu kwa majani ya mgomba, nikayabana sana kuzunguka mrija. Papa alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani. Akafoka: “Mama Dancille, njo nini hii? Niko navuta, niko navuta, na pombe inakatala! Ondosha majani kidogo, hewa iingie!” Nikalegeza jani moja tu. Akanywa mpaka akasahau hasira.

Nilisimama pale na majani mkononi kama mjinga. Straton, moteri yako si inavuta kama Papa? Na mimi ndiye niliyekuambia ufunike! Kila ukifungua kutazama, hewa inaingia, ndiyo maana inawaka tena. Toboa tundu dogo kwenye kifuniko. Mama nimemwuliza. Amesema kwa kuwa tayari linanuka esanse, toboa tu.

Mke wako,
Mama Dancille

Walikale, 7 Juni 1954

Mama Dancille, mke wangu,

Salamu, salamu, na salamu tena! Kikohozi kimekwisha, kila kitu kimekwisha.

Nilitoboa kwa msumari, nikalehemu kamrija kalikopinda chini, mvua ya hapa isiingie. Juzi Jumamosi tulishuka mpaka maghalani na kurudi. Haikuzimika hata mara moja. Bwana akauliza nani kanifundisha. Nikasema mke wangu. Akadhani namtania.

Nyumba ninayo, vyumba viwili. Lakini sitaki kukudanganya. Hapa ni joto, ni wali na mawese, maziwa hakuna, na milima yenu huioni. Ukisema hapana, nitaelewa, lakini nitaumia. Je, mtakuja?

Mume wako,
Papa Dancille

Nyabiondo, 20 Juni 1954

Papa Dancille,

Tuko wazima. Mama ameifungua siagi yangu ya safari anaifunga upya, analia huku akinigombeza kwamba nimeifunga vibaya. Dancille anamwita Papa kila mwanamume mwenye kofia, hata padri.

Naogopa mto, nakuambia wazi. Milima nitaililia. Lakini nimechoka kukupenda kwa karatasi.

Barua hii inakuja na kamio la Jumanne, mimi na binti yako tunakuja na lile la Jumanne inayofuata. Usiijibu. Papa na Mama hawajui kusoma, na msomaji wao yuko njiani anakuja kwako.

Mke wako,
Mama Dancille