Kiputo na Mafuta ya Daniel

Kolwezi, Jumanne

Na kumbe aliyevuruga vipimo vyangu ni mume wangu Daniel, ingawa yuko kazini kule Nzilo.

Kabla ya kupima dawa ya povu inayoinua shaba kutoka kwenye mawe yaliyosagwa, maabara yetu hujaribu kwanza maji safi. Naning'iniza kiputo cha hewa ndani yake, nakifanya kivimbe na kunywea, na mvuto wa ngozi yake haupaswi kubadilika. Leo ulipanda na kushuka kana kwamba nimetia sabuni.

Tata Kalenga, mkubwa wangu, akatikisa kichwa. "Mama, kama maji inakatala, kazi haiishe. Mi siwezi kukuacha uende kuona bwana."

Nilikuwa nimemwomba ruhusa ya kwenda Nzilo.

Kisha akanusa. "Na unanukia vile siku ya ndoa, juu ya nini?"

Mafuta! Daniel aliniletea kutoka Dilolo, najipaka kila asubuhi hadi vidoleni, na kwa vidole hivyo nilishika vyombo vya kioo, yakaingia majini.

Nikaosha vyombo kwa spiriti, nikavaa glavu. Kiputo kikatulia, kizuri kama... sijui, kama yeye akilala.

Dawa zote zimepimwa. Daniel wangu, kabla mwezi huu haujaisha nitakuja Nzilo, nimejipaka mafuta mpaka kwenye kucha.