Kambale wa Pale pa Kuloweka Mihogo

Mama mkwe mpendwa,

Keti vizuri kwanza. Na wewe Wifi Esperansi unayemsomea, usianze kuruka mistari ukitafuta penye habari, tabia yako naijua. Soma yote kama ilivyoandikwa, maana Mama akikosa hata neno moja nitapanda pikipiki nije Goma kulirudia mwenyewe. Mama, nimempata. Yule samaki nimempata, jana Jumamosi, mbele ya wanaume wote wa Chama cha Ndoano. Mikono yangu bado inanuka samaki na leo nimeenda nayo hivyohivyo kanisani. Bahasha sijaifunga. Motari wa pikipiki atakayeibeba aisome akipenda, na yeyote atakayemwomba asimnyime.

Najua utauliza, samaki gani, chama gani, na mimi nimefikaje huko. Tulia, nitafika.

Unakumbuka nilivyokuja kwako hapa Kibua? Nilitoka milimani kwetu Kingi nikijua maharage, mihogo na kupanda mlima na mzigo kichwani. Mto nilikuwa naujua kwa kuuvuka tu. Wiki yangu ya pili ukanichukua tuloweke mihogo pale chini, kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mawe. Tulipofika, ile iliyolowekwa na wenzetu ilikuwa imeshaiva, na mimi nikaziba pua kwa kikwembe mbele ya mama mkwe wangu, bila hata aibu. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Ile harufu njo inaita bugali," uliniambia. "Na iko inaita wengine pia."

Ndipo ukafungua fundo la kikwembe chako ukatoa kijiti kilichozungushiwa nailoni, ndoano moja, na kiboya ulichokikata kwenye kandambili kuukuu ya mume wangu Yosefu. Nilidhani wanaume peke yao ndio wanaovua kwa ndoano. Ukachukua kipande cha muhogo ulioiva, ukakikanda, ukakifunga kwenye ndoano kwa ule uzi mgumu wa katikati ya muhogo ambao sisi wote tunautupa. Nikakuuliza kwa nini usitumie minyoo kama wanaume. Ukasema samaki wa pale wamezoea meza yao, huwezi kumwita mtu kwenye bugali halafu umpe kitu kingine.

Mwanafunzi mbaya kama mimi hujawahi kumpata. Kiboya kikitikisika kidogo, navuta. Kikitulia, navuta nione kama chambo kipo. Nilivuta mpaka ukaninyang'anya kile kijiti.

"Ninyi batu ya milima," ulisema, "munapanda mbegu leo, kesho munaifukua muone kama imeota. Acha. Kile kiboya kikicheza, ni batoto. Kikianza kutembea, njo muzee amefika."

Kikicheza na kikitembea. Maneno hayo mawili nimeishi nayo, Mama. Hata mwanangu Neema alipokuwa mdogo na homa inampanda na kushuka, nilikuwa najiuliza moyoni, inacheza au inatembea?

Siku moja tukimenya mihogo ukanisimulia kwamba zamani, kabla Yosefu hajaoa, ulikwenda kuomba kuingia Chama cha Ndoano. Papa Bonifasi ndiye alikuwa amechaguliwa prezida, kijana bado. Alikujibu kwa heshima zote: "Mama, ndoano iko ya wanaume. Weye kamata samaki na kitunga kama wenzako." Ukarudi nyumbani. Jumamosi ya mashindano yao ukawapikia sombe ya majani ya mihogo na bugali kama kila mwaka, wao wakala samaki, wewe wakakuachia kichwa. Ulinisimulia ukicheka. Mimi sikucheka, kisu kilinisimama mkononi. Nikakuuliza kama ulikasirika.

"Hasira ya nini? Samaki nakulaka."

Lakini ulimenya mihogo mitatu baada ya hapo bila kusema kitu, na wewe si mtu wa kunyamaza mihogo mitatu.

Kuna siku nyingine ambayo hatukuizungumzia tena, na leo nataka kuizungumza. Ni ile wiki kabla hujapelekwa Goma kwa ajili ya macho. Ulitaka kushuka mtoni ingawa njia ulikuwa unaipapasa kwa fimbo. Uliketi, ukatupa ndoano, halafu ukaniuliza, "Mama Neema, kinacheza ao kinatembea?" Nikatazama. Nikasema kinacheza. Mama, kilikuwa kinatembea. Nilikuwa nakutazama wewe usoni kuliko nilivyotazama maji, na samaki yule akaondoka na chambo. Ulijua, kwa sababu kamba ilikuambia mkononi, na hukunilaumu. Ukasema tu twende, jua limekuwa kali. Nimekaa na samaki yule kifuani tangu siku hiyo. Alikuwa wa mwisho kwako na nilimwachia mimi.

Sasa sikiliza. Mwaka huu watu wa chama walipungua, vijana wengi wamekwenda Mubi kwenye machimbo, na Papa Bonifasi akatangaza baada ya misa kwamba anayetaka kuingia aje, hata mwanamke. Sharti lao ni lilelile la zamani. Unapewa Jumamosi tatu. Ulete samaki mmoja wa ndoano, peke yako, mwenye urefu wa kuanzia kiwiko cha prezida mpaka ncha za vidole vyake. Ukishindwa zote tatu, usiombe tena maisha yako yote. Unaujua mkono wa Papa Bonifasi. Mungu alipokuwa anagawa mikono, yule alipita mara mbili.

Jumamosi mbili za kwanza sikukuandikia kwa sababu ya aibu. Wenye chama huchagua nafasi zao kwanza, mwombaji anakaa palipobaki. Mara ya kwanza palibaki chini ya daraja, nikavuta kila dakika kama mwendawazimu, nikapata kisamaki cha kumtosha paka. Mara ya pili kwenye mizizi ya mti, ndoano ikanasa mara nne, na samaki niliyempata akapungua kwa kidole kimoja. Kidole kimoja, Mama. Yosefu naye ni mwanachama, na alinisindikiza nyumbani siku ile kama mtu anayetoka mazishini.

Jana ilikuwa ya tatu na ya mwisho. Kwa ajili ya sikukuu vijana wa Mubi walikuwa wamerudi na redio zao na viatu vyao vipya, wakajaa ukingo wote. Kila jiwe lilikuwa na mtu. Nikasimama na fimbo yangu nikiuliza nikae wapi. Mmoja wao akanyoosha kidole upande wa chini wa mto.

"Kumebaki kule kwa bamama, kwenye mihogo inanuka."

Wakacheka wote. Yosefu akainamisha kichwa. Na mimi nikainamisha changu, Mama, ili wasiyaone meno yangu. Jumatano nilikuwa nimeloweka vitunga viwili palepale, si kwa ujanja wowote, unga ulikuwa umeisha nyumbani. Hesabu mwenyewe: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Mihogo ilikuwa imeiva barabara, na wanaume walikuwa wameziba pua kwa ajili yangu.

Nikaketi pale ulipokuwa unaketi. Nikachukua muhogo wangu mwenyewe, nikakanda, nikafunga kwa uzi wake, nikatupa. Kiboya kikaanza kucheza hapohapo. Mkono wa kulia ukaanza kuniwasha. Nikauketisha chini yangu, nikaukalia kabisa, fimbo nikaishika kwa kushoto. Kikacheza, kikacheza. Jua likapanda. Wenzangu upande wa juu wakapata wawili, watatu, wakapigiana makofi. Mimi nilikuwa nasikia sauti yako tu ikiniuliza, nami nakujibu kwa chini, kinacheza Mama, bado kinacheza.

Halafu kikatulia. Mimi wa zamani ningevuta. Sikuvuta.

Kikaanza kwenda. Polepole, kuelekea juu, kinyume cha maji, kama mzee anayerudi kwake baada ya mazungumzo. "Kinatembea, Mama," nikasema, na safari hii nilisema kwa sauti kubwa, watu wote wakageuka wakimtafuta huyo mama ninayeongea naye. Nikavuta.

Mama, fimbo ilikunjika mpaka nikaona mwisho wake ndani ya maji. Aliingia katikati ya vitunga vyangu, akavipindua, mihogo yetu ya wiki nzima ikaanza kuelea na kuondoka, na sikuijali hata mmoja. Niliingia mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni, kikwembe kikanielea kiunoni. Mwanachama haruhusiwi kumsaidia mwombaji hata kwa neno, na Yosefu wako, mtu wa sheria, mtu asiyepaza sauti hata kwa mbuzi, akasimama upande wa pili akapiga kelele, "Usikaze! Mwache achoke!" Watajadili adhabu yake Jumamosi ijayo. Ameniambia atalipa akiimba.

Kambale. Mweusi, sharubu zake kama kamba za viatu, tumbo limejaa mihogo yangu. Nilimkumbatia kama mtoto nikatoka naye majini.

Papa Bonifasi akaja na mkono wake. Akaulaza juu ya samaki, kiwiko kwenye mkia. Vidole vyake vikaishia kwenye matamvua, na kichwa chote kikabaki mbele. Akauondoa mkono, akaufuta, akapima tena.

"Anapita," akasema. "Tena anapita sana."

Sasa, Mama, hapa ndipo nataka Wifi asome polepole. Unajua desturi yao: mwanachama mpya anapewa pale alipovulia samaki wake pawe kiti chake, naye anapatungia jina, na jina hilo halibadilishwi. Papa Bonifasi akaniuliza mahali paitwe nani. Wote walingoja niseme Kwa Mama Neema. Mimi nilitaka liwe jina lako. Si Mama Yosefu. Nilitaka lile alilokupa baba yako. Lakini mkamwana atafungulia wapi kinywa kutaja jina la mama mkwe wake? Nikasimama pale bubu, maji yananitiririka, samaki ananiteleza.

"Sema jina basi, tunangojea," Papa Bonifasi akasema.

"Papa, ile jina siwezi kuitaja. Iko ya mama mukwe wangu. Yeye njo alinifundisha, hapa hapa."

Akanitazama. Akayatazama mawe yetu ya kukandamizia mihogo, akakaa kimya muda ambao mtu angemenya mihogo mitatu. Kisha akavua kofia.

"Kwa Mapendo," akasema.

Naandika alivyotamka yeye, Mama, kinywa changu hakimo. Watu wa ng'ambo wakasema hawakusikia. Akalirudia, kwa sauti ya prezida.

Jioni niliwapikia sombe na bugali, na kichwa cha kambale nikawapa wao. Papa Bonifasi alikipokea, akala mpaka sharubu. Kipande cha katikati nimekikausha kwa moshi usiku, ndicho hicho kilichofungwa kwenye majani pamoja na barua hii. Kula wewe kwanza. Wifi atasema harufu inaingia kwenye mapazia yake. Ale ya pili, atanyamaza.

Nina furaha mpaka inaniuma, na inaniuma kwa sababu hukuwepo. Nimekuwa nikigeuka kukuambia kitu tangu jana, nakuta jiko tu. Daktari akikupa ruhusa, usingoje macho yarudi yote. Njoo hivyohivyo. Yosefu atakupokea barabarani, mimi nitakushika mkono kushuka mtoni, na nitakukatia muhogo. Ukiniuliza kinacheza au kinatembea, nitatazama maji, sitakutazama wewe, na nitakuambia kweli.

Leo tukitoka kanisani nilipita nyuma ya wale vijana wa Mubi. Mmoja alimwuliza mwenzake wakutane wapi Jumamosi, kabla hawajarudi machimboni. Mwenzake hakufikiri hata kidogo.

"Kwa Mapendo," akamjibu. "Kule kunakuwaka samaki."

Ukae salama mpaka mikono yetu ishikane.

Ni mimi mkamwana wako wa milimani, niliyeacha kufukua mbegu,

Mama Neema