Nusu ya Maumivu ya Kaka

Dada mpenzi,

Daktari wa mishipa ya fahamu alituambia jana kwamba usahaulifu wa Kaka hautokani na umri wala dawa. Anaamini chanzo kikubwa ni maumivu yasiyokoma tangu alipoanguka akaumia uti wa mgongo. Nisamehe kwa kutanguliza habari kabla ya salamu. Ndivyo mkono wangu ulivyozoea gazetini. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Goti lako bado linakusumbua? Sisi tunapumua.

Alieleza taratibu. Maumivu ya siku chache ni kengele ya hatari: inalia, unaitikia, inanyamaza. Ya Kaka imelia mwaka mzima na miezi miwili. Ubongo unaoisikiliza usiku na mchana hukosa nafasi ya kutunza mengine, na chembe zinazoulinda zikikaa zimechachamaa muda mrefu, huweza kudhuru sehemu za kumbukumbu. Hakuapa kwamba yote yametoka huko. Alisema hata kule kuanguka kwenyewe huenda kumechangia.

Kisha alimtaka Kaka ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, akitoa saba saba. Alifika tisini na tatu akakwama, akamwambia daktari kwamba katika miaka ishirini na sita ya ufundi hajawahi kuona lifti inayoruka ghorofa saba saba. Tulicheka sote, isipokuwa wifi yako. Yeye wiki iliyopita alimkuta jikoni ameduwaa na spana mkononi, Kaka akamuuliza hiki ni cha kazi gani. Mtu aliyekuwa akijua lifti inaumwa wapi kwa kuisikiliza tu mlangoni!

Daktari akafungua faili, akauliza, bila ukali, kwa nini mtu wa hali hii fomu zake zinasema nne kila siku. Kaka alinitazama mimi. Nilitazama faili.

Dada, mikono ya Kaka inatetemeka, hivyo fomu ya maumivu, ya sifuri hadi kumi, nilikuwa namjazia mimi. Kila asubuhi alinitajia nane, mara nyingine tisa. Niliandika nne. Hakuna aliyenituma. Miaka yote kazini nimeamini kwamba aliyeumia huongeza chumvi. Akikwambia watu mia nane, andika mia nne. Wifi yako aliposema Kaka halali, nilimjibu kwamba mwanamume akidekezwa hulegea. Kwa hizo nne zangu, dawa haikuongezwa hata mara moja.

Leo asubuhi nilimpigia daktari nikamwambia ukweli. Alibadilisha dawa na kuisogeza miadi ya mwezi ujao iwe mwezi huu. Nilimuuliza kama kumbukumbu itarudi. Alisema huenda kiasi, hakuahidi.

Kaka sijamwambia. Nikimwambia tukiwa wawili, atanipiga begani aseme yamekwisha, na kesho litakuwa limemtoka; nitakuwa nimesamehewa bure. Nataka niliseme mbele yako na mbele ya wifi yako, mlikumbuke kwa niaba yake, na mnikumbushe nitakapoanza kujionea huruma.

Wape watoto salamu zangu, na Shemeji pia. Miadi ni Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa tatu asubuhi, chumba namba sita. Nitasema kabla daktari hajaingia.

Mdogo wako